Mbuzi Hula Juu: Lishe na Matunzo kwa Mfugaji Anayeanza

Mbuzi aliyeachwa huru porini hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa ameinua kichwa. Hudokoa majani ya vichaka, huchuma machipukizi ya migunga kati ya miiba, husimama kwa miguu ya nyuma ili kuyafikia matawi ambayo kondoo hawezi kuyagusa, na huinamia nyasi fupi pale tu ambapo vichaka vimekosekana au vimekwisha kuliwa. Tabia hiyo ndiyo inayomtenga na ng'ombe na kondoo, ambao kwa asili ni walaji wa nyasi, na ndiyo inayopaswa kuongoza maamuzi yote ya mtu anayenunua mbuzi kwa mara ya kwanza: atamlisha nini, chakula atakiweka wapi, banda litakuwa na sakafu ya namna gani, na ni dawa zipi atakazozihitaji. Sehemu kubwa ya hasara zinazowakatisha tamaa wafugaji wapya hutokana na mnyama huyu kulazimishwa kula chini, karibu na kinyesi chake mwenyewe.

Imezoeleka kusemwa kwamba mbuzi hula kila kitu, hata makaratasi na nguo zilizoanikwa, na dhana hiyo imewaponza wengi kwa sababu huwafanya waamini kwamba mbuzi hahitaji kuandaliwa chakula. Ukweli ni kwamba mbuzi huonja vitu vingi lakini hula vichache. Mdomo wake wa juu ni mwepesi wa kujongea na ulimi wake ni mahiri, hivyo anaweza kuchambua jani laini na kuacha kijiti kigumu kilichoshikamana nalo, jambo linalomwezesha kupata lishe bora mahali ambapo ng'ombe angekonda. Ufundi huo wa kuchagua una upande wake wa pili: majani yaliyokanyagwa, yaliyolowa mkojo au yaliyochanganyika na udongo huyakataa hata akiwa na njaa, na mfugaji anayemwaga mzigo wa majani sakafuni asubuhi hukuta jioni sehemu kubwa imekuwa matandiko, huku mbuzi wakilia. Dawa yake ni hori, yaani chombo cha kulishia kilichoinuliwa, ambalo mbuzi hulifikia kwa kupenyeza kichwa kati ya fito bila kuweza kuingiza miguu. Na pale ambapo hori bado halijajengwa, matawi yaliyofungwa kwa kamba na kuning'inizwa usawa wa kichwa hufanya kazi hiyo vizuri kabisa.

Chakula kinachomezwa huingia katika tumbo lenye vyumba vinne. Chumba kikubwa kuliko vyote, kinachoitwa rumeni, kiko upande wa kushoto wa mwili, na ndani yake huishi bakteria na viumbe wengine wadogo mno ambao huvunjavunja nyuzinyuzi za mimea, kazi ambayo mwili wa mbuzi wenyewe hauwezi kuifanya. Baada ya kula, mbuzi hutafuta mahali patulivu akacheua, maana yake hukirudisha chakula kinywani kidogo kidogo, hukitafuna upya na kukimeza tena kikiwa kimechanganyika na mate mengi yanayopunguza ukali wa asidi tumboni. Mfugaji anaweza kuifuatilia kazi hiyo kwa mkono wake. Akibonyeza ngumi taratibu katika sehemu laini iliyo nyuma ya ubavu wa mwisho wa kushoto, na kutulia hapo kwa dakika moja au mbili, atahisi tumbo likijikunja na kuisukuma ngumi nje mara moja hadi mbili kwa kila dakika; tumbo lililonyamaza, au lililotuna na kukaza kama ngoma, ni habari ya kushughulikiwa siku hiyo hiyo.

Kiasi cha chakula hukadiriwa kwa kutumia ukavu wake, yaani uzito unaobaki baada ya maji yote yaliyomo kuondolewa, kwa kuwa majani mabichi huwa na maji mengi kuliko chakula chenyewe. Mbuzi huhitaji kwa siku chakula kikavu kinacholingana na asilimia 3 hadi 4 ya uzito wa mwili wake, na jike anayekamuliwa maziwa mengi huweza kufikia asilimia 5. Kwa hiyo jike wa kilo 40 anahitaji kati ya kilo 1.2 na kilo 1.6 za chakula kikavu, ambazo, ikiwa robo tu ya uzito wa majani mabichi ndiyo kitu kikavu, ni sawa na kilo 5 hadi 6 na nusu za majani yaliyokatwa, mbali na yale atakayoyaacha. Anayelisha matete peke yake, hasa yaliyokomaa hadi shina likawa gumu, hujaza tumbo bila kujenga mwili, kwa sababu matete yaliyozeeka yana protini kidogo. Yanapaswa kuvunwa yakiwa bado machanga, yakakatwakatwa na kuchanganywa na majani ya jamii ya mikunde kama vile lusina, kaliandra au gilirisidia, au na marando ya viazi vitamu.

Lusina inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa historia yake inaonyesha jinsi lishe ya mbuzi inavyotegemea viumbe walio tumboni mwake. Majani yake yana protini nyingi na hupendwa sana na mbuzi, lakini yana pia sumu iitwayo mimosini, ambayo ikizidi husababisha manyoya kunyonyoka, tezi ya shingo kuvimba na mnyama kudhoofika. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aliona kwamba mbuzi wa Hawaii walikula lusina kwa wingi bila kudhurika ilhali mifugo ya Australia iliugua, naye akagundua kwamba tofauti ilikuwa katika bakteria wa rumeni wanaoiharibu sumu hiyo. Walipohamishiwa matumboni mwa mifugo ya Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, mifugo hiyo nayo ikaweza kuila lusina. Mwaka 1992 bakteria huyo alipewa jina la kisayansi, Synergistes jonesii, kwa heshima ya mtafiti huyo. Mfugaji asiyejua kama mbuzi wake wana bakteria hao anashauriwa lusina isizidi theluthi moja ya chakula chote cha siku.

Mimea mingine haifai hata kidogo. Majani ya mparachichi, ambayo hupatikana kwa urahisi karibu na nyumba nyingi na hukatwa bila kufikiriwa, huharibu kiwele cha mbuzi anayenyonyesha na huweza kuudhuru moyo wake. Lantana, kichaka chenye maua ya rangi mbili tatu kinachopandwa kama ua na kisha kuenea mashambani, huharibu ini. Majani na maganda mabichi ya muhogo, hususan wa aina chungu, pamoja na mtama mchanga uliochipua baada ya ukame, hutoa sayanidi, sumu inayozuia mwili kuitumia hewa na inayoweza kuua kwa muda mfupi. Majani na maganda ya muhogo yakikatwakatwa na kuanikwa juani hadi yakauke vizuri, sumu hupungua sana, lakini mtama wa namna hiyo ni heri uachwe mpaka ukue.

Wafugaji wengi wapya huona pumba za mahindi kuwa ndicho chakula chenyewe na majani kuwa nyongeza, nao hukosea kwa kupindua mpangilio. Pumba huongeza nguvu na mashudu ya alizeti au ya pamba huongeza protini, na vyote viwili vina nafasi yake kwa jike mwenye mimba kubwa, kwa anayekamuliwa na kwa mbuzi anayenoneshwa. Mchanganyiko wa takriban nusu kilo kwa siku, uliogawanywa asubuhi na jioni, ni mwanzo unaofaa kwa jike wa maziwa wa wastani. Hata hivyo, wanga ukiingia kwa wingi katika rumeni isiyouzoea, bakteria wanaoupenda huongezeka ghafla na kutengeneza asidi kali, wale wanaovunja nyuzinyuzi hufa, na mbuzi huacha kula, hutoa kinyesi cha majimaji chenye harufu kali, huyumba na huweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana chakula kipya huanzishwa kwa kiganja kimoja na kuongezwa polepole kwa muda wa wiki mbili hivi, majani hutangulizwa kabla ya pumba, na mlango wa ghala hufungwa kwa komeo ambalo mbuzi hawezi kulisukuma kwa pua. Mbuzi aliyebainika kuvamia gunia la nafaka haachwi hadi dalili zionekane. Mtaalamu wa mifugo huitwa mara moja. Madume yaliyohasiwa, yaani maksai, yana hatari yao ya pekee, kwani nafaka na pumba vina fosforasi nyingi kuliko kalisi, na kukosekana kwa uwiano huo husababisha vijiwe katika njia ya mkojo, ambayo kwa dume ni nyembamba na ndefu. Maksai anayejikamua bila kutoa mkojo yuko katika hatari ya kifo.

Maji safi yawepo muda wote, katika chombo kilichowekwa juu kiasi cha kutochafuliwa na vinyesi. Mbuzi ana sifa ya kuvumilia kiu, lakini uvumilivu huo hulipwa kwa maziwa kupungua. Jiwe la chumvi la kulamba, lenye madini mchanganyiko, lining'inizwe mahali pasipofikiwa na mvua. Jiwe lililotengenezwa kwa ajili ya kondoo halifai kwa mbuzi, kwa kuwa kondoo hudhurika upesi na madini ya shaba na kwa hiyo jiwe lao hutengenezwa bila hayo, wakati mbuzi anayahitaji.

Pamoja na yote hayo, adui mkubwa wa mbuzi katika maeneo yenye joto na mvua ni minyoo ya tumbo, hasa aina iitwayo hemonkasi, inayokaa katika chumba cha nne cha tumbo na kunyonya damu. Mnyoo jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, nayo hutoka na kinyesi. Kukiwa na joto na unyevu, baada ya wiki moja hivi mayai hayo huwa yamezaa mabuu wanaopanda kwenye majani kwa kufuata unyevu uliotanda juu yake. Hawafiki mbali. Wengi wao hubaki kwenye sentimita chache za mwanzo kutoka ardhini, na hapo ndipo siri ya afya ya mbuzi wa porini ilipo: mbuzi anayekula usawa wa mabega yake hawali mabuu hao, lakini anayefungwa kamba kwenye kiwanja kimoja kila siku, akazikwangua nyasi hadi zibaki fupi, huwala kwa mamia. Mfugaji asiye na budi kufunga mbuzi kwa kamba anapaswa kuhamisha kigingi kila siku, kusubiri umande ukauke kabla ya kuwatoa mbuzi asubuhi, kuwahamisha kabla nyasi hazijawa fupi kuliko upana wa kiganja, na kutorudi mahali pale pale kabla ya mwezi mmoja hadi miwili, muda ambao mabuu wengi huwa wamekwisha kufa kwa kukosa chakula.

Ubaya wa hemonkasi ni kwamba haileti kuhara. Kinyesi cha mbuzi huendelea kuwa gololi ndogo nyeusi kama kawaida, huku damu ikipungua, na siku mfugaji anapoona uvimbe laini chini ya taya, mnyama huwa amebakiwa na nguvu kidogo sana. Kwa sababu hiyo inafaa kujifunza kusoma kope. Mbuzi hushikwa kwenye mwanga wa jua, kidole gumba cha mkono mmoja husukuma taratibu kope ya juu na kuibonyeza kidogo mboni kupitia kope hiyo, kisha kidole gumba cha mkono wa pili huvuta kope ya chini ili utando wa ndani ujitokeze, nao huangaliwa mara moja kabla haujabadilika rangi. Utando mwekundu au wa waridi iliyokolea ni wa mnyama mwenye damu ya kutosha. Unaofifia kuelekea weupe ni wa mnyama anayehitaji dawa. Watafiti wa Afrika Kusini walitengeneza katika miaka ya 1990 kadi ya rangi tano, inayojulikana kama FAMACHA, ya kulinganishia utando huo, na faida yake kubwa ni kwamba hutibiwa mbuzi wanaohitaji tu. Weupe wa kope huweza pia kuletwa na kupe, viroboto au ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hivyo mbuzi asiyepata nafuu baada ya kupewa dawa ya minyoo apelekwe kwa mtaalamu.

Desturi ya kunywesha kundi zima dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, wagonjwa kwa wazima, imeleta madhara makubwa, kwa kuwa huacha hai minyoo sugu pekee, ambao ndio huzaana na kuyajaza malisho. Dozi ndogo ina madhara hayo hayo. Mwili wa mbuzi huziondoa dawa nyingi za minyoo haraka kuliko mwili wa kondoo, na kipimo cha kondoo kilichoandikwa kwenye chupa mara nyingi hakimtoshi, kwa hiyo kipimo cha mbuzi huulizwa kwa daktari wa mifugo, na uzito hupimwa kwa mizani au kwa utepe wa kuzungushia kifua badala ya kukisiwa kwa macho. Dawa za kundi la albendazoli haziwafai majike walio katika mwezi wa kwanza wa mimba kwa sababu huweza kumlemaza mtoto, na maziwa ya mbuzi aliyepewa dawa hayanywewi hadi siku zilizotajwa kwenye chupa zipite.

Banda linalofaa linafuata kanuni ile ile ya kumtenga mbuzi na kinyesi. Sakafu ya fito au mbao huinuliwa takriban mita moja kutoka ardhini, ikiachwa nafasi ya kama sentimita moja na nusu kati ya ubao na ubao ili gololi za kinyesi na mkojo vidondoke chini bila kwato kunasa, na kila mbuzi mzima hupewa angalau mita moja na nusu ya mraba. Mabanda ya namna hiyo yanafahamika vizuri Mgeta, katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ambako mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway waliingizwa katika miaka ya 1980 kwa juhudi zilizokihusisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wakulima wa miteremko ile hukata majani na kuyaleta bandani, na samadi inayokusanyika chini ya sakafu huenda kwenye bustani za mboga. Upande unakotoka upepo wa mvua huzibwa, upande mwingine huachwa wazi juu, maana mbuzi huchukia kulowa na baridi ya mvua humletea nimonia, lakini banda lililozibwa kila upande hukusanya hewa yenye ukali wa mkojo, ambayo nayo huumiza mapafu. Kwato zinazokua bila kusagwa na mawe hupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 8.

Ununuzi wenyewe unahitaji utulivu ambao minada haiuruhusu sana. Umri husomwa kwenye taya ya chini, kwa kuwa mbuzi hana meno ya mbele juu: meno mawili makubwa ya katikati humaanisha mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, manne miaka miwili hivi, sita miaka mitatu, na manane miaka minne na zaidi. Mbuzi aliyenunuliwa hukaa peke yake kwa wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wengine, kwani anaweza kuwa na ugonjwa ambao bado haujajitokeza. Yapo magonjwa mawili yasiyopaswa kungojewa. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi unaoleta homa, vidonda vya mdomo, kamasi na kuhara, ulithibitishwa Tanzania mwaka 2008 baada ya kuingia Kenya, na chanjo yake moja hukinga kwa miaka isiyopungua mitatu. Homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo kimelea chake kilioteshwa maabara kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1976, hukingwa kwa chanjo ya kila mwaka.

Mimba ya mbuzi huchukua siku 150 hivi, na zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa mtoto hujengwa katika wiki 6 hadi 8 za mwisho. Huo ndio wakati wa kuongeza lishe kwa uangalifu, si mapema zaidi, jike asije akanenepa kupita kiasi. Mtoto akizaliwa, kitovu chake hupakwa ayodini na jambo linalofuata ni dang'a, maziwa mazito ya manjano ya mwanzo. Kingamwili za mama, yaani protini za damu zinazopambana na magonjwa, hazipiti kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo mwanambuzi huzaliwa bila kinga na huipata kupitia dang'a peke yake, tena kwa muda mfupi, kwa sababu baada ya saa 24 utumbo wake hauwezi tena kuzipitisha hadi kwenye damu. Anapaswa kunyonya ndani ya saa mbili za kwanza, na kwa siku ya kwanza apate dang'a inayofikia sehemu ya kumi ya uzito wake, ambayo kwa mtoto wa kilo mbili na nusu ni robo lita. Mtoto dhaifu hukamuliwa na kunyweshwa kwa chupa, na anayekamua dang'a ili aitupe au aiuze humwibia mtoto huyo uhai.

Kuanzia wiki ya pili wanambuzi huanza kudokoa majani laini, nayo huiamsha rumeni yao ambayo kabla ya hapo huwa haijakua, na kufikia miezi mitatu wengi huwa tayari kuachishwa maziwa. Kipindi hicho ndicho minyoo huwadhuru zaidi, kwa kuwa miili yao haijawahi kukutana nayo na bado haina nguvu ya kuidhibiti. Kwa sababu hiyo walioachishwa hupewa malisho ambayo mbuzi wakubwa hawajayapita kwa miezi miwili, au hulishwa bandani kwenye hori lao wenyewe, la urefu unaolingana na vichwa vyao, na kope zao hukaguliwa kila wiki mbili katika msimu wote wa mvua.